Diski moja, Windows, Mac na Ubuntu: jibu kwa mpiga video wa Arua

Swali: Napiga video za harusi na mikutano hapa Arua. Nina diski ya nje ya TB 2, ndani yake mna kama GB 600 za kazi za wateja. Nyumbani natumia Windows. Diski huwa naituma kwa basi mpaka Kampala, kwa kijana anayehariri kwa Mac, naye anasema faili zote anaziona lakini hawezi kuirudisha humo kazi aliyoimaliza. Ofisini kwa mwenzangu wanatumia Ubuntu: siku nyingine diski inakubali kuandikwa, siku nyingine inakataa. Nimeambiwa niifomati, naogopa. Tena nilijaribu flashi ya GB 32 ambayo ni tupu kabisa, ikakataa faili moja ya GB 7. Nifanye nini, fundi?

Jibu: Dada yangu, usiifomati. Kwanza ujue kwamba diski yako ni nzima, na huyo kijana wa Kampala anasema kweli. Kilichotokea kwake ndicho kinachotokea kwa kila mwenye Mac anayechomekewa diski iliyoandaliwa kwa NTFS, mfumo wa Windows: anasoma, hawezi kuandika. Na ushauri wa kufomati, hata kama una ukweli ndani yake, umepewa kabla ya wakati wake. Kufomati hufuta. Kazi za wateja wako zikae salama kwanza, mengine baadaye.

Ili uelewe ninachokushauri huko chini, inabidi tuzungumze kidogo juu ya kitu kinachoitwa mfumo wa faili. Huo ni kama daftari la mtunza stoo: ndimo mlimoandikwa kila faili inaitwaje, iko wapi kwenye diski, ni kubwa kiasi gani na ni nani anayeruhusiwa kuigusa. Video zenyewe ni zile zile popote pale. Daftari ndilo linalotofautiana, na kila kampuni imejitengenezea la kwake. Microsoft walileta NTFS mwaka 1993 pamoja na Windows NT, na mpaka leo ndiyo wanayoitumia kwenye diski kuu za Windows. Apple walikuwa na HFS+ tangu 1998, kisha mwaka 2017 wakahamia APFS. Watu wa Linux, Ubuntu ikiwemo, wengi wako kwenye ext4, iliyokamilika mwaka 2008. Mac inaisoma NTFS lakini Apple hawakuiwezesha kuiandika. Windows, kwa upande wake, haisomi kabisa APFS, HFS+ wala ext4. Ubuntu ndiyo yenye moyo mkubwa kuliko zote: inasoma na kuandika NTFS, na huwa inaisoma hata HFS+ ya Apple.

Hapa nikupe onyo moja ambalo ningependa ulipeleke na kwa wenzako wote wawili. Kompyuta inapokutana na daftari isilolielewa, haisemi "sijui kusoma hili". Windows itakuambia kwamba lazima uifomati diski kabla ya kuitumia. Mac itasema diski haisomeki na kukuonyesha vitufe, kimojawapo kikiwa "Initialize". Maneno hayo yanamfanya mtu adhani diski imeharibika, anabonyeza, na kazi ya miezi inaondoka. Ukiona ujumbe kama huo, funga dirisha, ichomoe diski kwa utaratibu, ipeleke kwenye kompyuta ambayo huwa inaifungua.

Sasa flashi yako. Hiyo bila shaka imekuja na FAT32, mfumo wa mwaka 1996. Karibu kila kifaa duniani kinaisoma, kuanzia televisheni hadi redio ya gari, lakini haikubali faili moja ifike GB 4. Unaweza kuijaza nyimbo elfu, ila video moja ya GB 7 haiingii hata nafasi ikiwa tele. Kwa kazi yako FAT32 haifai.

Mfumo unaokufaa kwa kusafirisha unaitwa exFAT. Microsoft waliutoa mwaka 2006 wakiwa na flashi na kadi za kamera kwenye mawazo, na kadi za SDXC za kamera yako, zile za GB 64 na kuendelea, huja nao tangu kiwandani. Kwa hiyo umekuwa ukiutumia bila kujua. Windows zote kuanzia Vista yenye nyongeza ya kwanza ya mwaka 2008 zinauandika. Mac zinauandika tangu toleo la 10.6.5 la mwaka 2010. Linux ilichelewa kwa sababu za haki za uvumbuzi (patent), mpaka Agosti 2019 Microsoft walipoweka wazi maelezo ya mfumo huo, na mwaka huo huo ukaingizwa ndani ya Linux 5.4, ambayo Ubuntu 20.04 imejengwa juu yake. Maana yake Ubuntu 20.04 na zilizofuata huufungua bila shida. Ikiwa ofisi ya mwenzako ina toleo la zamani kuliko hilo, atafungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na kuandika sudo apt install exfat-fuse exfat-utils, mara moja tu, na mambo yatakwenda. Na kikomo cha ukubwa wa faili katika exFAT ni kikubwa mno, hutakifikia kwa video ya harusi hata ukipiga siku tatu mfululizo.

Basi kwa nini sikuambii uifomati hiyo TB 2 kuwa exFAT tukamaliza? Kwa sababu exFAT ina udhaifu ambao wengi hawausemi, na kwa mazingira yetu udhaifu huo una uzito. NTFS na ext4 zina kumbukumbu ya mabadiliko: kabla ya kugusa daftari, zinaandika pembeni kile zinachotaka kufanya. Umeme ukikatika katikati, kompyuta ikiwaka tena inasoma kile kilichoandikwa pembeni na kulirudisha daftari katika hali inayoeleweka. exFAT haina kitu hicho. Umeme ukikatika au kebo ikichomoka wakati daftari linaandikwa, unaweza kuondoka na faili nusu, folda isiyofunguka, au diski nzima ambayo Windows inaiita "RAW", yaani haioni daftari lolote ndani yake. Nimeziona diski za namna hiyo zikiletwa mezani kwangu, na nyingi zina historia moja: ilikuwa inanakili, umeme ukaenda, mtu akachomoa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na ndio ninaoutilia mkazo kuliko yote mengine: tenganisha diski ya kuhifadhi na diski ya kusafirisha. Hiyo TB 2 iache Arua, ibaki na NTFS yake, isipande basi tena. Hapo woga wako wa kufomati unakwisha, kwa sababu hutaifomati. Kisha tafuta diski nyingine ndogo, ya GB 500 au TB 1, uiandae kwa exFAT, na hiyo ndiyo iende Kampala na kurudi. Ndani yake weka nakala ya kazi inayohaririwa sasa hivi peke yake. Ikipotea njiani, ikianguka, ikilowa, au exFAT ikivurugika, umepoteza diski. Kazi ya mteja bado iko nyumbani. Safari ya zaidi ya kilomita 400 kwenye buti ya basi si mahali pa kuweka nakala pekee ya harusi ya mtu. Harusi hairudiwi.

Ukipata diski ya SSD ya nje badala ya ile yenye sahani inayozunguka ndani, afadhali zaidi kwa safari, maana haina kitu cha kugongana barabara ikiwa mbovu. Bei yake iko juu kwa nafasi ile ile, lakini kwa diski ya kusafirisha huhitaji nafasi kubwa.

Kuiandaa fanya kwenye Windows yako, si kwenye Mac ya kijana. Mac inaweza kuandaa exFAT, ila mara nyingine inachagua vipimo ambavyo Windows nyingine inavikataa, nawe utabaki unajiuliza kosa liko wapi. Chomeka diski mpya peke yake. Ile ya TB 2 iwe imechomolewa kabisa na iko mbali na meza. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa sababu herufi za E: na F: zinachanganya hata mafundi. Fungua "This PC", bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya diski, chagua "Format", kwenye "File system" weka exFAT, ukubwa wa vipande ("Allocation unit size") uache kama ulivyo, alama ya "Quick Format" iache ilivyo, kisha ipe jina fupi. Jina la diski ya exFAT halizidi herufi 11, ARUA-VIDEO linatosha. Bonyeza "Start". Ni suala la sekunde chache.

Ukubwa wa vipande niliosema uuache unahitaji neno moja zaidi, kwani utakuja kuuona. Diski ya exFAT yenye zaidi ya GB 32 hugawanywa na Windows katika vipande vya KB 128, na kila faili, hata iwe ndogo namna gani, huchukua angalau kipande kizima. Kwa video hilo si kitu. Lakini ukiweka humo folda yenye picha ndogo au hati 10,000 za KB 5 kila moja, ambazo kwa haki zingekuwa kama MB 50, zitakula zaidi ya GB 1.2. Mambo ya namna hiyo yafunge kwanza kwenye faili moja ya zip.

Kama kweli huna uwezo wa kununua diski ya pili sasa, na ni lazima hiyo TB 2 igeuzwe, hapo itabidi uazime mahali pa kuziweka zile GB 600 kwanza. Usiamini mtu anayekuambia kuna njia ya kugeuza NTFS kuwa exFAT bila kufuta. Windows haina njia hiyo. Tumia tundu la USB 3, mara nyingi lina plastiki ya buluu ndani. Diski ya kawaida hapo inapitisha kama MB 100 kwa sekunde, kwa hiyo GB 600 zitachukua saa moja na dakika arobaini hivi. Kwenye USB 2 tarajia zaidi ya saa tano. Fanya kazi hiyo kwa laptopu iliyojaa chaji, si kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika). Ukimaliza, linganisha folda za pande zote mbili kwa idadi ya faili na ukubwa wake kwa baiti, fungua video kadhaa na uzisogeze mpaka mwisho wake, ndipo ufomati.

Tuje kwa Ubuntu ya ofisini, ile inayokubali leo na kukataa kesho. Hapo nashuku Windows yako zaidi ya Ubuntu. Windows 10 na 11 zina kitu kinaitwa "Fast Startup": ukiizima kompyuta, haizimiki kabisa, inalala nusu ili iwake haraka kesho yake. Diski ya NTFS ikiwa imechomekwa wakati huo, daftari lake linabaki na alama kwamba bado liko mikononi mwa Windows. Ubuntu ikiiona alama hiyo inakataa kuandika, na inafanya vizuri kukataa, maana ikiandika juu yake ingeharibu. Dawa ni kuiondoa diski kwa utaratibu kabla ya kuzima, au kushikilia kitufe cha Shift unapobonyeza "Shut down". Ukitaka kuiondoa tabia hiyo moja kwa moja, fungua "Command Prompt", dirisha la amri la Windows, kama msimamizi, andika powercfg /h off. Na kama alama imeshabaki, irudishe diski kwenye Windows na uandike chkdsk E: /f, ukiweka herufi ya diski yako mahali pa E.

Kuhusu kuchomoa, nitakuwa mkali kidogo. Kila mtu anayeigusa diski ya exFAT aitoe kwa "Eject", awe kwenye Windows, Mac au Ubuntu, kila mara. Ubuntu hasa inadanganya macho: mstari wa kunakili unafika mwisho, wakati sehemu ya video bado iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta ikisubiri kuandikwa. Mwambie mwenzako abonyeze alama ya kuondoa na asubiri mpaka ujumbe useme sasa ni salama. Kwa flashi ya polepole inaweza kuchukua dakika kadhaa. Kijana wa Mac naye, akichomeka diski na isionekane papo hapo, asiichomoe. Ikiwa mara ya mwisho ilitolewa vibaya, Mac huanza kuikagua kimyakimya kabla ya kuionyesha, na diski kubwa inakaguliwa kwa muda mrefu.

Atakaporudisha kazi utaona vitu vigeni: faili zinazoanza na nukta na kistari cha chini, kwa mfano ._HARUSI.mp4, zenye KB chache tu, na nyingine iitwayo .DS_Store. Si virusi. Mac huhifadhi humo maelezo yake ya ziada kwa sababu exFAT haina nafasi ya kuyaweka. Ukizifuta kwenye Windows, video zenyewe hazidhuriki. Angalia tu usifute ile kubwa ukaacha ndogo.

Majina ya faili nayo hukwamisha kazi. Windows haikubali alama hizi katika jina: \ / : * ? " < > | na Mac pamoja na Linux ni legevu zaidi. Kijana akiandika tarehe kwa mikwaju, kama 12/05, kwako jina linaweza kuja limevurugika au faili ikagoma kunakiliwa. Kubalianeni muandike 2024-05-12-harusi, kwa herufi ndogo na vistari. Faida yake nyingine ni kwamba folda zitajipanga zenyewe kwa mpangilio wa tarehe. Ritifaa (alama ya ') ya ng'ombe na ng'ambo haina tatizo popote.

Zipo programu za kulipia zinazoiwezesha Mac kuandika NTFS. Za Paragon na Tuxera ndizo zinazojulikana. Kijana akiwa nayo tayari, sawa, aitumie. Lakini diski yako inapita mikono mingi, na kesho utamtumia mhariri mwingine asiye na programu hiyo, kwa hiyo mimi nisingelijenga jambo langu juu yake. Kuna na amri za kificho za kuilazimisha Mac iandike NTFS bila programu yoyote. Hizo mkatalie kabisa; zimewahi kuharibu diski za watu.

Ikiwa diski hii itapitia pia kwa wachapaji, tuseme pale Nasser Road kuchapisha vifuniko vya DVD au kadi, usiwape diski. Wape flashi yenye faili yao peke yake. Kompyuta inayochomekwa flashi za watu mchana kutwa ni makao ya kile kirusi kinachoficha folda zako na kuweka vijifaili vya njia ya mkato mahali pake. Kikikupata, usifungue vijifaili hivyo na usifomati. Video zako mara nyingi bado zipo, zimefichwa tu. Safisha kwa programu ya kuzuia virusi, kisha kwenye "Command Prompt" andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* nazo zitaonekana tena.

Na faragha ya wateja. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na sura za watu kwenye harusi yao ni taarifa zao. BitLocker ya Windows, inayofunga diski kwa nywila, haifunguki kwenye Mac, kwa hiyo haitakusaidia hapa. VeraCrypt ni ya bure na inafanya kazi kwenye mifumo yote mitatu: unatengeneza faili moja kubwa yenye nywila ndani ya diski ya exFAT, video zinaingia humo. Inahitaji uvumilivu kidogo kuijifunza, na nywila ikisahaulika hakuna wa kukusaidia. Anza na kazi nyeti kwanza, nyingine zifuate ukishazoea.

Mwisho, jambo litakalokushtua ukiwa hujaambiwa: diski yako ya TB 2 Windows itakuonyesha TB 1.81, wakati Mac na Ubuntu zitasema TB 2. Windows inahesabu kwa 1,024 na hao wengine kwa 1,000. Nafasi ni ile ile, hakuna aliyeipunguza huko Kampala.